Barsirian arap Manyei: miaka 40 kizuizini kwa vita ambavyo havikupiganwa

Tarehe 16 Oktoba 1923, serikali ya koloni ya Kenya ilimkamata Barsirian arap Manyei, orkoiyot (mwonaji mkuu) wa Wanandi, pamoja na wazee wengine wanne. Zilikuwa zimebaki siku chache tu kabla ya sherehe kubwa kuliko zote katika maisha ya Wanandi, na watu walikuwa katika maandalizi. Hakuna kesi iliyosikilizwa. Walisafirishwa hadi Meru, ng'ambo ya Mlima Kenya, kwa watu wa lugha nyingine, na Barsirian hakurudi kwao akiwa mtu huru hadi mwaka 1964.

Hesabu hiyo inatisha ukiiweka kando ya majina tuliyoyazoea. Harry Thuku, aliyekamatwa mwaka 1922 na kupelekwa Kismayu, alikaa uhamishoni miaka isiyotimia tisa. Nelson Mandela alifungwa miaka 27. Jomo Kenyatta alishikiliwa kuanzia Oktoba 1952 hadi Agosti 1961. Mwaka ambao Barsirian alikamatwa, Kenyatta alikuwa kijana anayesoma mita za maji Nairobi, bado akiitwa Johnstone Kamau. Akaenda Uingereza, akaishi huko miaka mingi, akarudi, akafungwa, akatolewa, akawa Waziri Mkuu, na muda wote huo Barsirian alikuwa angali kizuizini. Bendera ya Kenya huru ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, hata siku hiyo hakuwa huru.

Alifanya nini? Kwa maneno ya serikali, alikuwa akipanga maasi. Maasi hayo hayakutokea. Hakuna mkuki uliorushwa wala kituo kilichochomwa. Ili kuelewa kwa nini wakubwa wa Nairobi walimwogopa kiasi hicho mtu ambaye hakuwa na jeshi wala bunduki, lazima kwanza tujue nchi aliyotoka na baba aliyemzaa.

Ukisimama katika mashamba ya miwa ya Chemelil ukatazama kaskazini, unaona mlima umesimama kama ukuta. Juu ya ukuta huo ndiko nyanda za Wanandi zinakoanza, kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nchi ya baridi, mvua na malisho mazuri. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliyotoka pwani ilijifunza kupita mbali na nchi hiyo. Wanandi hawakuwa na mfalme. Mambo ya kila siku yaliamuliwa na wazee wa kokwet, yaani baraza la majirani, na mambo ya vita yaliamuliwa na pororiet, eneo kubwa zaidi lenye kikosi chake cha vijana. Juu ya hayo yote alikuwapo orkoiyot, mtu wa ukoo wa Talai. Yeye hakuongoza vita uwanjani. Alikuwa mwonaji. Alikuwa na wajumbe wake katika kila pororiet, na uvamizi usiokuwa na baraka zake ulihesabiwa kuwa mkosi. Ndiye aliyeweza kuwaunganisha watu ambao vinginevyo kila eneo lingejiamulia la kwake.

Cheo hicho kilikuwa na hatari zake. Kimnyole, babu yake Barsirian, aliuawa na Wanandi wenyewe mwaka 1890 hivi, walipomtwika lawama za maafa yaliyowapata. Simulizi za Wanandi zinasema kwamba kabla ya kufa alitabiri kuja kwa wageni weupe na nyoka atemaye moshi, atakayetoka ziwa la mashariki kwenda kuzima kiu yake katika ziwa la magharibi. Mwanawe, Koitalel arap Samoei, aliushika ukuu wa orkoiyot mwaka 1895, na mwaka huohuo damu ya kwanza ikamwagika: mfanyabiashara Mwingereza, Peter West, aliuawa pamoja na watu wa msafara wake, na Waingereza wakapeleka jeshi kuadhibu.

Jeshi hilo halikumaliza kazi. Likaja jingine mwaka 1897, jingine 1900, jingine 1903. Reli nayo ilikuwa ikisogea. Ilifika Kisumu Desemba 1901 ikipita bondeni, chini kabisa ya ule ukuta wa mlima, na vijana wa Nandi waliteremka usiku kuifuata. Walikata waya wa simu, wakatengeneza mapambo ya shingoni na mikononi. Walifungua mataruma na kubeba parafujo na vyuma, wahunzi wakavigeuza silaha. Kwa serikali ulikuwa wizi mtupu. Mimi nauona zaidi ya hapo: watu walikuwa wakiing'oa, kipande kwa kipande, njia ambayo hawakuulizwa kama ipite.

Miaka kumi ni mingi kwa watu wenye mikuki na ngao kusimama mbele ya dola iliyokuwa na bunduki za rasharasha za Maxim. Yako makabila makubwa kuliko Wanandi yaliyoshindwa kwa muda mfupi zaidi. Siri yao ilikuwa nchi yenyewe, yenye mabonde na misitu ya kujificha, na vita vya usiku ambavyo askari waliozoea kupigana kwa mistari hawakuvipenda. Zaidi ya hapo, walikuwa na neno moja la kuwaunganisha, nalo lilitoka kwa Koitalel.

Kapteni Richard Meinertzhagen wa jeshi la Keya (King's African Rifles) alilijua hilo vizuri. Aliamini kwamba orkoiyot akiondoka, upinzani utakufa. Akatuma ujumbe kuomba wakutane kuzungumza amani, na tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel akaja na watu wachache, kwenye kilima cha Ket Parak, pale ulipo leo mji wa Nandi Hills. Meinertzhagen alikuja na askari wenye bunduki. Wakasogeleana, mkono ukanyooshwa kusalimiana, na Koitalel akapigwa risasi papo hapo. Wenzake waliomsindikiza wakauawa pia.

Meinertzhagen alidai kwamba Koitalel ndiye aliyemvuta mkono kwa hila na kwamba yeye alijihami. Wanandi wamesema tangu siku hiyo kwamba mzee wao aliitwa kwenye amani akauawa. Mabaraza matatu ya uchunguzi ya kijeshi yalimwondolea kapteni huyo lawama, lakini mwaka 1906 aliondolewa Afrika Mashariki, maana hata wenzake hawakuridhika. Na kuna jambo jingine ambalo msomaji anafaa kulijua. Meinertzhagen alikuja kuwa mtaalamu mashuhuri wa ndege, na baada ya kifo chake watafiti walipochunguza mkusanyo wake waligundua kwamba aliiba vielelezo katika makumbusho na kuviandikia maelezo ya uongo kuhusu mahali vilikopatikana. Mtu aliyedanganya kuhusu ndege waliokufa, miaka nenda miaka rudi, hana haki ya kuaminiwa peke yake kuhusu mtu aliyemuua kwa mkono wake.

Kilichofuata baada ya Ket Parak kilikuwa kikubwa kuliko mauaji yenyewe, ingawa kinasimuliwa kidogo. Kwa miezi kadhaa vikosi vya serikali vilizunguka nchi ya Nandi, vikichoma nyumba na ghala na kuswaga ng'ombe, mbuzi na kondoo kwa maelfu. Mamia ya Wanandi waliuawa. Mwanzoni mwa mwaka 1906 watu waliokuwa wakiishi karibu na reli walihamishwa na kusukumwa ndani ya hifadhi ya wenyeji, na ardhi yao ikawekwa tayari kwa walowezi. Wanandi walikuwa wafugaji, kwa hiyo kuwanyang'anya mifugo kulikuwa kuwanyang'anya chakula, mahari, na heshima ya mtu mbele ya wakwe zake.

Wengi huifunga hadithi ya Wanandi hapo: Koitalel akafa, vita vikaisha. Ndivyo tulivyofundishwa. Ila waliobaki hai waliendelea kuishi na matokeo yake, na vijana waliokuwa watoto mwaka 1905 wakawa watu wazima.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, Wanandi wengi waliandikishwa Keya, na maelfu ya Waafrika kutoka kila pembe ya nchi wakachukuliwa kubeba mizigo katika kikosi kilichotuachia jina la Kariakoo. Waliorudi walikuta njaa na homa ya mafua ya mwaka 1918 na 1919. Halafu wakakuta jambo ambalo nadhani liliwauma kuliko yote. Serikali ilianzisha mpango wa kuwapa ardhi wanajeshi waliopigana, na wanajeshi hao walikuwa Wazungu. Sehemu ya hifadhi ya Wanandi, ardhi ambayo serikali yenyewe iliahidi kwamba haitaguswa tena, ilikatwa na kugawiwa walowezi. Mnandi aliyepigana upande mmoja na Mwingereza huyo alirudi kumkuta jirani yake wa vita amekabidhiwa malisho ya babake.

Likaja la kodi. Mwaka 1920 kodi ya nyumba na ya kichwa ilipandishwa kutoka rupia 5 hadi 8. Likaja la kipande, kile cheti cha kazi ambacho kila mwanamume wa Kiafrika alitakiwa kukivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Likaja la kazi ya lazima, kwa kuwa reli mpya ya kwenda Eldoret ilikuwa ikijengwa na ilihitaji mikono. Kisha, mwaka 1921, sotoka ikaingia katika mifugo na serikali ikaweka karantini iliyodumu hadi 1923. Ng'ombe wa Wanandi hawakuruhusiwa kutoka nje ya hifadhi kwenda kuuzwa.

Fikiria hali ya mwenye boma katika Aldai au Emgwen wakati huo. Kodi imepanda na inadaiwa kwa fedha taslimu. Fedha anaipata kwa kuuza ng'ombe. Ng'ombe haruhusiwi kuuzwa. Njia iliyobaki ni kwenda kufanya kazi katika shamba la mlowezi, pengine juu ya ardhi iliyokuwa ya ukoo wake, kwa mshahara atakaopangiwa. Sihitaji mchochezi kunieleza kwa nini watu kama hao walikuwa na hasira.

Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alikuwa orkoiyot tangu mwaka 1919. Kwa hiyo malalamiko yote haya yaliangukia mlangoni pake. Na kama ilivyotokea, ni wakati wake pia ambapo zamu ya Saget ab eito ilifika.

Saget ab eito ndiyo sherehe ya kukabidhiana nchi. Ilifanyika kila baada ya miaka 15 hivi, rika moja la mashujaa likistaafu na lingine likishika ulinzi wa nchi. A. C. Hollis, ofisa wa serikali aliyechapisha kitabu juu ya Wanandi mwaka 1909, aliieleza kwa makini. Vijana walinunua fahali mweupe, akachinjwa, wazee wakala nyama yake. Kila kijana akakata kipande cha ngozi ya fahali huyo akatengeneza pete ndogo, akaivaa kidoleni, mkono wa kulia. Wote wakafanya duara, orkoiyot akiwa katikati. Wazee na rika linaloondoka walisimama, na rika linaloingia likaketi chini. Orkoiyot alipotoa ishara, wale wanaoondoka walivua mavazi yao ya vita hapo hapo mbele ya watu, wakavaa ngozi za uzee. Ndipo vijana walipoambiwa kwamba kuanzia siku ile usalama wa nchi na ustawi wa watu wake umo mikononi mwao.

Kwa Mnandi hiyo ndiyo ilikuwa katiba. Bila sherehe hiyo, hakuna aliyekuwa na haki ya kusema kwamba analinda nchi. Serikali iliposikia kwamba Wanandi kutoka kila pororiet watakusanyika mahali pamoja, wakiwa na silaha, mbele ya mtoto wa Koitalel, na katikati ya ghadhabu ile ya kodi na karantini, iliona vita. Minong'ono ikafika kwa maofisa kwamba siku hiyo ndiyo itakayotumiwa kuanzisha mapambano. Mwaka mmoja na nusu kabla yake, Machi 1922, umati uliokuja kudai Harry Thuku aachiliwe ulipigwa risasi katikati ya Nairobi, na tangu hapo serikali ilikuwa imejaa hofu. Kibali cha sherehe kikafutwa. Barsirian na wazee wanne wakachukuliwa.

Je, maasi yalikuwa yamepangwa kweli? Wako wanaosema ndiyo, kwamba vijana walikuwa tayari kukamilisha kazi iliyokatizwa Ket Parak. Wako wanaosema serikali iliogopa kivuli, na kwamba Wanandi walitaka tu kufanya sherehe yao na kupeleka malalamiko yao kwa pamoja. Mimi naona kwamba watu walikuwa na kila sababu ya kuasi, na kwamba wengine bila shaka walilizungumza. Lakini kuzungumza kwa wenye kuonewa si kosa la kumfunga mtu miaka 40. Serikali iliyokuwa na uhakika wa ushahidi wake ingeuweka mezani mbele ya hakimu. Haikufanya hivyo mwaka 1923, wala katika mwaka wowote kati ya ile 40 iliyofuata.

Jambo hili lina uchungu zaidi ukikumbuka mwaka wenyewe. Julai 1923 serikali ya Uingereza ilitoa Waraka wa Devonshire, ule unaofundishwa katika kila darasa la historia nchini Kenya, uliotangaza kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na kwamba maslahi ya Waafrika yatatangulia mbele ya ya wahamiaji wote. Miezi mitatu baadaye serikali yake ya koloni, chini ya Gavana Robert Coryndon, iliwachukua viongozi wa Wanandi bila kesi kwa sababu watu wao walitaka kukutana. Waraka haukumsaidia Barsirian siku hata moja.

Mwaka 1905 ilibidi serikali ilete askari zaidi ya elfu moja, bunduki za Maxim na miezi ya moto ili kuwavunja Wanandi. Mwaka 1923 haikuhitaji kupiga risasi. Ilijua ni watu gani wa kuwaondoa na ni siku gani ya kuifuta. Mbinu hiyo iliipenda, ikairudia: mwaka 1934 iliwahamisha Watalai waliokaa Kericho, watu wa ukoo uleule wa Barsirian, mamia ya watu, wanaume, wanawake na watoto, ikawapeleka Gwassi karibu na Ziwa Victoria, nchi ya mbung'o na malale, kwa sheria maalumu iliyotungwa kwa ajili ya ukoo mmoja. Ukoo mzima uliadhibiwa kwa kuzaliwa.

Barsirian mwenyewe alihamishwa kutoka Meru, na miaka mingine ya kifungo chake aliipitisha katika kisiwa cha Mfangano. Mtu wa nyanda za juu, aliyezaliwa na kulelewa kwenye baridi na malisho, akawekwa kisiwani katika Ziwa Victoria. Alikuwa mtu mzima mwenye nguvu zake alipochukuliwa. Alirudi kikongwe, akakuta vilima vya Nandi vimefunikwa na majani chai ya makampuni, na vijana wasiomjua kwa sura. Aliishi miaka kumi tu akiwa huru. Alifariki mwaka 1974.

Saget ab eito haijafanyika tena tangu ilipofutwa mwaka ule. Rika lililokuwa lipokee nchi mwaka 1923 halikukabidhiwa rasmi, wala yaliyofuata. Ukitaka kupima ushindi wa mkoloni juu ya Wanandi, upime hapo kwanza kabla ya kuhesabu ekari na ng'ombe.

Mambo kadhaa yamefanyika. Mwaka 2006 mwana wa Meinertzhagen alikubali kurudisha fimbo tatu za Koitalel ambazo babake alizichukua, na zikaletwa Kenya. Pale Nandi Hills pana kaburi la kumbukumbu na makumbusho kwa jina la Koitalel. Wazee wanaendelea kudai fuvu la kichwa chake, wakisema lilikatwa na kupelekwa Uingereza. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza kuhusu Watalai na Wakipsigis walionyang'anywa ardhi Kericho, na mwaka 2022 walalamikaji walipeleka shauri katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mfalme Charles alipoizuru Kenya mwishoni mwa Oktoba 2023, wiki mbili baada ya kutimia miaka 100 tangu Barsirian akamatwe, alisema ukatili wa ukoloni haukuwa na kisingizio. Hakuomba radhi.

Ya Uingereza tuendelee kuyadai. Lakini liko la kwetu wenyewe ambalo halihitaji ruhusa ya London. Barsirian alikaa kizuizini muda mrefu kuliko mfungwa mwingine yeyote wa kisiasa katika historia ya Kenya, na wazee wanne waliochukuliwa naye hawatajwi hata katika hotuba za Mashujaa Dei, sikukuu inayoangukia siku nne tu baada ya tarehe waliyokamatwa. Wizara ya Elimu na waandishi wa vitabu vya kiada, mnapofika mwaka 1923 na kuwaeleza watoto Waraka wa Devonshire uliahidi nini mwezi Julai, waelezeni pia yaliyofanyika Nandi mwezi Oktoba, na waandikeni Barsirian arap Manyei na wenzake kwa majina yao.